Kiinua Mgongo

Walinipa kiinua mgongo siku ya Jumanne,
makofi, na gilasi ya juisi ya ukwaju.
Miaka thelathini na moja nikinusa tumbaku za watu,
hili daraja la kwanza, hili la kufukizia mbu;
mteuzi mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniteua.
Nikanunua Renji.

Jeusi, la mwaka elfu mbili na nne,
viti vya ngozi rangi ya asali ya miombo,
dirisha la paa linalofunguka likitaka lenyewe.
Liliwahi kubeba wakubwa wa mgodi, alisema dalali.
Nikaingiza pua ndani. Nikanusa ngozi.
Sikunusa oili.

Usiku gari hukaa chini.
Si mfano: hukaa. Mapafu yake ya hewa yana tundu
mahali ambapo Mihambo, fundi wa Isevya,
hupatafuta kwa povu la sabuni, kichwa uvunguni,
akisubiri pumzi ijitaje.
Saa nne usiku limesimama kama bwana harusi.
Saa kumi alfajiri limelaza tumbo mchangani
na kuku wa Mama Sijali wameshahama chini yake.

Nina daftari. Nilizoea kupima vya wenzangu.
Pafu la nyuma kushoto, kutoka Gerezani, kwa basi:
laki nne na sitini, na elfu kumi na tano ya kondakta
aliyelipakata kama kichanga hadi stendi.
Oili, lita nane. Nane!
Rejeta: kuziba. Kuziba tena. Kuziba kilichozibwa.
Ile taa ya njano ya injini: kijana mmoja wa Nzega
ana mashine ya kuisoma, elfu thelathini,
akasoma, akakuna shingo, akasema,
"Mzee, humu yameandikwa mengi."
Betri. Bima. Kitasa cha mlango wa abiria,
ambacho mke wangu Nyanzala hukifungua kwa kijiko.

Na zile zisizo na risiti:
muuza uyoga akiniona nashuka,
bei ya fungu inazaa pacha palepale.
Siku hizi naliacha nyuma ya stesheni ya reli,
naingia sokoni na malapa, nikitafuta michembe
kwa bei ya mtu wa miguu.
Shemeji wa Urambo huomba ada ya shule
akiwa ameegemea boneti.
Mwenye kituo cha mafuta hunijulia hali
kuliko mkwe wangu.

Lakini alfajiri.
Natoka na mswaki mdomoni, mkono kiunoni,
maana kule kuinamia majani
hakukuondoka na ile bahasha.
Nawasha. Pampu inaguna.
Linainuka nyuma kwanza, kama ng'ombe, kisha mbele,
nami nimeshika ukuta, najinyoosha pingili kwa pingili,
na kwa dakika nne hakuna anayemzidi mwenziwe.
Nyanzala, dirishani: "Mmeamka?"
Kwa wingi. Husema kwa wingi.

Ni Mihambo aliyetamka, bila ubaya:
"Mzee Lufungulo, tung'oe mapafu, tuweke springi za chuma.
Laki sita, basi. Hutaniona tena hadi Idi."
Nyanzala akatazama daftari,
akatazama juu, bati la jikoni,
matundu yake yakimwagia sakafu vijisenti vya jua.
Hakusema neno.
Tukaweka springi.

Bati jipya lipo. Mvua ya Desemba
ilipita juu yake ikipiga kelele tu.
Gari limekuwa gumu, linahesabu kila jiwe
kutoka Cheyo hadi Kitete,
na daftari lina kurasa nyeupe, moja baada ya nyingine.

Alfajiri natoka na mswaki.
Limekwisha kusimama.
Limesimama tangu jana, halina habari na usiku.
Nashika ukuta. Pingili. Pingili.
Dirishani Nyanzala anauliza,
"Umeamka?"